Wanafunzi wa Tiba na Wafunzwe Pamoja

Mama aliyejifungua anapopoteza mililita 500 za damu, amekwisha kuingia hatarini. Mkunga ndiye aionaye damu hiyo kwanza. Mfamasia ndiye ajuaye iwapo dawa ya oksitosini ilihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, maana ikipata joto hupungua nguvu. Wa maabara hupima damu ya kuongezwa. Daktari huamua kama mama apasuliwe. Dakika ni chache. Je, watu hawa walifunzwa lini kusemezana?

Aghalabu hawakufunzwa. Kila mmoja alisomea kwake na kutahiniwa kwake. Mikono yao ina ustadi, lakini kupokea taarifa, kuuliza na kukubali kusahihishwa na mwenye cheo cha chini pia ni ustadi wa tiba, wala haupatikani kwa kukariri.

Shirika la Afya Duniani lilihimiza mafunzo ya pamoja mwaka 1988, na tena 2010. Huko Linköping, Uswidi, ilifunguliwa mwaka 1996 wodi ambamo wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fani nyingine waliwahudumia wagonjwa kwa pamoja, wasimamizi wakiwa karibu.

Humu nchini, wodi zipo na wagonjwa wapo. Kisingizio cha fedha hakina uzito mkubwa hapa. Kizuizi ni ratiba, na ile fahari ya vyeo ambayo wakubwa hawapendi itajwe. Wakuu wa vyuo vikuu na wa KMTC waanze na wodi moja ya uzazi, na wanafunzi watahiniwe pamoja katika kumwokoa mama avujaye damu. Pasipo alama hawatalitilia maanani. Nani asiyewajua wanafunzi?