Kamera za Nyumbani: Anzia Kwenye Waya

Iwapo una nyumba Kericho na unanuia kuweka kamera za ulinzi, msomaji, anzia kwenye waya. Mji huu wa chai hunyeshewa karibu mwaka mzima, radi na mvua ya mawe havikosi, na waya hafifu hauchukui muda kuharibika.

Dukani, ulizia waya wa shaba tupu. Kuna ule wa aluminiamu uliopakwa shaba, nao bei yake huvutia kweli. Ukwaruze kwa kisu, weupe utajitokeza. Kamera inayopata stima na kupeleka picha kwa waya mmoja wa mtandao isizidi mita 100 kutoka kwa kinasa. Lango likiwa mbali zaidi, tumia faiba, ambayo haipitishi umeme wa radi hadi sebuleni, ila kamera ya huko itahitaji stima yake. Pale waya unapoingia ukutani, uache uning'inie kidogo ili maji yadondokee nje. Mafundi wengi husahau hili.

Je, kinasa? Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne humaliza diski ya terabaiti 1 kabla ya siku 6, kisha picha za awali hufutwa. Ukisafiri wiki mbili, wizi wa siku ya pili hutauona! Terabaiti 4 zitakutosha siku 23 hivi.

Wala usikiweke kinasa chini ya runinga, kwani mwizi atavibeba vyote viwili. Kifungie kabatini penye hewa, pamoja na betri ya akiba.