Sumu, Tiba na Jaribio: Tahadhari kwa Wafasiri

Habari za uchunguzi wa sumu ya nyoka na saratani zinapofasiriwa kwa Kiswahili, ni rahisi kuzipa kichwa kama hiki: "Sumu ya nyoka yatibu saratani". Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Kimaana ina walakini karibu kila neno.

Tutazame kazi ya Francis Markland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California. Walichunguza sumu ya Agkistrodon contortrix, nyoka wa Marekani wa jamii moja na kifutu wetu. Sumu yake ni mchanganyiko wa protini nyingi, nao walitenga moja tu, iitwayo kontotrostatini. Kwa hiyo yafaa mfasiri aandike "protini iliyotengwa katika sumu ya nyoka". Ni maneno marefu, naam, lakini msomaji hatadhani kwamba akiumwa na nyoka atapona.

Katika taarifa yao ya mwaka 2000, protini hiyo ilidungwa katika uvimbe wa panya waliopandikizwa saratani. Uvimbe ulikua polepole zaidi, na saratani ikapungua kuenea mapafuni. Protini haikufanya kazi kwa kuziua seli. Ilizifunga mahali pa kujishikizia, zikashindwa kusafiri, na mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe ikapungua. Kitenzi kifaacho hapa ni "kuzuia", wala si "kuua", sembuse "kuponya". "Kutibu" nako kuna utata: mtu aweza kutibiwa asipone, lakini wengi wetu tusikiapo kwamba dawa inatibu ugonjwa huelewa kuwa inauponya.

Hali kadhalika, neno "jaribio" lisiachwe peke yake. Jaribio la maabara, la wanyama na la wagonjwa ni hatua mbalimbali, na kontotrostatini haijawa dawa ya hospitali. Kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilifika mwisho wa safari hiyo. Nayo iliundwa kwa kuiga kijenzi cha sumu ya Bothrops jararaca wa Brazili, na haina ndani yake hata tone la sumu.

Mwanamke mwenye uvimbe titini aweza kusoma kichwa kile, akaacha miadi ya hospitali, akaenda kumtafuta muuza sumu. Kwa sababu hiyo tunawaomba wahariri wasikipitishe kabla hakijataja panya.