Mji Ambao Gari Lenye Sura ya Gari Halipewi Leseni

Katika jangwa la Black Rock, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Nevada nchini Marekani, kuna uwanda mpana wa udongo mkavu usio na mti wala kichaka. Zamani sana ulikuwa sakafu ya ziwa Lahontan, ambalo lilikauka na kuacha tope laini lililogeuka unga. Tarehe 15 Oktoba 1997, Mwingereza Andy Green aliliendesha hapo gari la Thrust SSC, lenye injini mbili za ndege ya kivita, likafikia kilomita 1,228 kwa saa na kuipita kasi ya sauti. Rekodi hiyo ya dunia haijavunjwa. Na katika jangwa hilohilo, kila mwaka Agosti inapoelekea ukingoni, huja mamia ya magari mengine ambayo dereva wake akizidisha kilomita 8 kwa saa anaweza kunyang'anywa ruhusa ya kuendesha.

Hayo ya pili ndiyo yenye mambo. Yupo konokono wa chuma anayetoa moto kwenye pembe zake. Ndani yake mna Volkswagen ya mwaka 1966, ile ya mgongo wa kobe. Yupo pweza aliyeundwa kwa vyuma chakavu na mafundi Duane Flatmo na Jerry Kunkel wa California, akaonekana jangwani mwaka 2011: macho yanatoka na kurudi, minyiri inapanda na kushuka, na kila mnyiri unarusha ulimi wa moto juu angani. Imewahi kupita nyumba ya ghorofa tatu yenye mtindo wa Uingereza ya karne ya 19, ikijiendesha kwa magurudumu yake. Imewahi kupita merikebu ya Kihispania yenye omo, sitaha na mlingoti. Ukichungulia chini ya vyombo hivi utakuta chesi, matairi na injini za kawaida kabisa. Ukivitazama kwa mbali huoni gari, na kutoonekana huko kwa gari ni sharti la leseni.

Tamasha lenyewe linaitwa Burning Man. Lilianza mwaka 1986 katika ufuko wa Baker, San Francisco, pale Larry Harvey na Jerry James walipochoma sanamu ya mtu iliyotengenezwa kwa mbao. Mwaka 1990 polisi wa ufukweni walikataza moto, na sanamu ikahamishiwa Black Rock. Leo hukusanyika watu wapatao 70,000 kwa juma moja hivi, wakajenga mji wa mahema na kuubomoa wakimaliza. Mji umekaa umbo la upinde. Barabara zinazotoka katikati zimepewa namba za uso wa saa, kuanzia 2 hadi 10, na katikati pamebaki uwanja mtupu wenye sanamu ya mtu na kazi nyingine za sanaa. Watu huzunguka kwa miguu na baiskeli. Gari ulilokuja nalo unaliegesha kambini, na haliondoki mpaka siku ya kurudi nyumbani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ya kwanza kule jangwani kila mtu aliendesha alivyotaka, mchana na usiku, wengine taa zikiwa zimezimwa. Palikuwepo hata mahali pa kulenga shabaha kwa bunduki kutoka ndani ya gari linalokwenda. Uwanda hauna barabara wala alama, na mtu akipewa ardhi tambarare isiyo na mwisho mguu wake huzama kwenye mafuta bila kuambiwa. Mwaka 1996 mambo yakafika kooni. Mwendesha pikipiki mmoja alifariki katika ajali kabla tamasha halijaanza, na lilipokaribia kwisha gari likapita juu ya mahema usiku na kujeruhi vibaya watu waliokuwa wamelala. Kuanzia mwaka uliofuata uendeshaji wa kiholela ukapigwa marufuku.

Hapo ndipo waandaaji walipofanya jambo ambalo nalihesabu kuwa la busara kubwa. Wangeweza kufunga magari yote na kumaliza. Badala yake waliacha mlango mmoja wazi: atakayetaka kuendesha mjini lazima alete kitu ambacho uzuri na ajabu yake vinawafaa watu wote, wala si usafiri wa kumpeleka yeye chooni na kumrudisha. Ikaundwa ofisi ya kusimamia jambo hilo, Idara ya Magari Yaliyogeuzwa, ambayo kifupi chake cha Kiingereza ni DMV, herufi zilezile za ofisi za serikali zinazotoa leseni za udereva katika majimbo mengi ya Marekani.

Kupata leseni ya DMV ya jangwani si kazi ya siku moja. Mwenye gari hutuma maombi miezi kadhaa kabla, pamoja na michoro au picha, na jopo huyapitia. Swali la kwanza ni la macho: je, gari la asili limepotea? Kulipaka rangi hakutoshi. Kubandika wanasesere juu ya boneti hakutoshi. Kigari cha gofu kilichovishwa manyoya na kuzungushiwa taa za rangi hukataliwa, hata kama mwenyewe amekesha akikishona. Kinachotakiwa ni mageuzi makubwa, ya kushangaza, ya kudumu na salama. Hapa ndipo Burning Man ilipoachana na utamaduni mkongwe wa magari ya sanaa ya Marekani, kama yale ya gwaride la Houston lililoanza mwaka 1988, ambako gari lililobandikwa vitu kila mahali bado linaonyesha milango na vioo vyake, na watu wanalishangilia. Kwenye gwaride hilo ni mfalme. Black Rock huenda likaambiwa liegeshwe.

Akikubaliwa kwenye karatasi, mwenye gari anapewa mwaliko wa kukaguliwa jangwani. Sasa maswali ni ya fundi. Breki zinashika? Kingo za sitaha zina nguvu ya kuzuia mtu asianguke? Ngazi ziko wapi, na abiria ashike nini akipanda? Dereva anaona nini akiwa ndani ya tumbo la pweza? Mara nyingi jibu la mwisho ni kwamba haoni vya kutosha, kwa sababu bodi mpya imeziba kioo cha mbele na pembeni, hivyo hufungwa kamera au hutembea watu kwa miguu kando ya gari wakimwongoza. Likifaulu ukaguzi wa mchana hupewa stika ya mchana peke yake. Anayetaka kuendesha usiku hurudi giza likiingia, taa zikiwashwa, na wakaguzi hulizunguka kuhakikisha linaonekana kutoka kila upande. Konokono anayependeza saa sita mchana anaweza kulala kambini usiku kucha kwa kukosa taa za nyuma. Na kama gari linatoa moto, kuna kikosi kingine kinachokagua mitungi ya gesi, mipira na vali kabla haijawashwa njiti hata moja.

Kwa nini kilomita 8? Tuanze na hesabu. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la uzito uleule likienda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati karibu mara 39 ya ile linayobeba likienda 8. Kwa mwendo wa 8 gari husogea mita 2.2 kwa sekunde, na mtu aliyelala chini akitazama nyota ana nafasi ya kuinuka, na dereva ana nafasi ya kumwona. Usiku wa Black Rock umejaa watu wa namna hiyo, pamoja na waendesha baiskeli wasio na taa. Tena kuna vumbi. Ganda la juu la uwanda ni jembamba. Matairi yenye kasi hulivunja na kurusha unga mweupe ambao upepo ukiuchukua hufuta kila kitu machoni. Dhoruba ya vumbi ikija, magari husimama yalipo hadi madereva waweze kuona tena.

Mwendo huo mdogo unawatesa mafundi kuliko watu wanavyodhani. Injini ya lori imezoea kupozwa na upepo unaoingia mbele gari likikimbia. Hapa hakuna upepo wa kukimbia, kuna jua, uzito wa tani kadhaa za chuma cha sanaa na gia ya kwanza saa nzima. Rejeta huchemka. Ndiyo maana waundaji hufunga feni kubwa za umeme na hubadilisha gia. Vumbi lenyewe ni la magadi, linakula chuma na kuziba chujio la hewa, na watu huosha vifaa vyao kwa maji yaliyotiwa siki ili kulipunguza makali. Mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa: mwanzoni mwa Septemba 2023 uwanda ulilowa, udongo ukaganda kwenye magurudumu kama ugali kwenye mwiko, magari yakakatazwa kusogea na makumi ya maelfu ya watu wakakwama mjini.

Dereva lazima awe na leseni halali ya serikali na asiwe amekunywa. Hilo si la mchezo, kwa sababu jangwa ni ardhi ya serikali kuu, askari wake wapo, na sheria za ulevi barabarani zinafanya kazi hapo kama mjini Reno. Kutoza nauli hairuhusiwi, wala kutangaza biashara. Magari yenye spika kubwa hutakiwa kupunguza sauti yakipita mitaani na kuipeleka mbali uwandani. Mtu mwenye ulemavu anaweza kusajili chombo chake cha kutembelea bila kukigeuza kuwa samaki au ndege. Nalipenda sharti hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba waliotunga masharti walijua tofauti ya anasa na haja.

Hata hivyo masharti hayajazuia kila msiba. Mwaka 2003, na tena mwaka 2014, mwanamke alipoteza maisha baada ya kuanguka chini ya magurudumu ya gari la sanaa lililokuwa likienda. Mwendo ulikuwa mdogo. Tani kadhaa hazihitaji kasi. Kwa hiyo dereva mzuri wa Black Rock hasimami mpaka aone watu wametulia, haondoki mpaka wa mwisho ashike chuma, na hakuna wa kurukia gari linalotembea. Ukipata bahati ya kufika huko, shika hilo kwanza. Hata hapa barani kwetu, katika tamasha la AfrikaBurn linalofanyika jangwa la Tankwa Karoo, Afrika Kusini, tangu 2007, magari ya namna hii husajiliwa kabla ya kuruhusiwa kuzunguka.

Niliitaja merikebu ya Kihispania. Iliitwa La Contessa, na Simon Cheffins na Greg Jones waliijenga mwaka 2002 juu ya basi la shule. Baadaye ilihifadhiwa kwenye shamba karibu na jangwa. Shamba likabadilisha mwenyewe, na Desemba 2006 mmiliki mpya akaichoma moto ili vyuma vya basi vichukuliwe. Waundaji walikwenda mahakamani wakitegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa zisiharibiwe. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Kanda ya Tisa, ilikataa. Basi lilikuwa chombo cha kubeba watu kabla ya kupambwa, ikasema, na baada ya kupambwa liliendelea kubeba watu. Kwa hiyo ni sanaa iliyowekwa kwenye kifaa, na sheria hiyo haiilindi.

Majaji waliisoma sheria ilivyoandikwa. Lakini mkaguzi wa jangwani angelitazama basi lilelile na kuona limetoweka, na angelipa leseni kwa sababu hiyo hasa. Kwa maoni yangu mkaguzi ndiye aliyeona sawasawa. Merikebu iliyomaliza basi zima, ikabeba watu uwandani usiku, haikupungukiwa usanaa kwa kuwa na magurudumu, na sheria isiyoweza kuliona hilo inastahili kurekebishwa.