Kupanda Kilima Pamoja na Watoto

Mwezi wa Juni shule hufungwa, mvua za Buha zimekwisha, na vilima vyetu huonekana wazi mpaka mbali. Ndipo walimu na wazazi huulizana, Tuwapeleke wapi watoto? Sisi twajibu, Wapelekeni kilimani. Huenda wengine wakacheka, maana katika nchi ya Kasulu na Kibondo kila mtu hupanda na kushuka tangu utoto wake, akienda shambani, mtoni na sokoni. Tena wazee wetu walikwenda kwa miguu siku nyingi, wakifuata chumvi ya Uvinza au kazi ya mashamba ya mkonge. Walakini mtu aendaye kwa haja yake ajua njia yake na nguvu zake mwenyewe. Aongozaye watoto ishirini na bibi mmoja imempasa kujua nguvu za aliye dhaifu kuliko wote, wala hawezi kuzijua akiisha kufika nusu ya njia. Ndiyo sababu twasema safari hii hupangwa nyumbani.

Katika habari hii watu wa Uskoti waweza kutufundisha. Kwao viko visiwa vingi vyenye vilima, na kimoja ni Ulva, kisiwa walikotoka wazee wa David Livingstone, yule aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Kilima kikubwa cha Ulva hakipiti sana mita 300 juu ya bahari. Basi fikirini: maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 770 hivi juu ya bahari, hata mvuvi aliyeketi ndani ya mtumbwi wake Kigoma yuko juu kuliko kilele kile! Hata hivyo watu wa kule hawapandi vilima vyao vidogo pasipo shauri, maana ukungu huja ghafula, upepo ni baridi, na mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja jina lake William Naismith alitoa kanuni ya kupima safari za milimani. Kwa vipimo vyetu ni hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Tuseme kilima chenu kiko mbali kilomita 4, na kupanda kwake ni mita 300. Kwenda ni dakika 80 hivi, na kurudi dakika 50 hivi. Lakini Naismith aliwahesabia watu wazima wenye nguvu, tena bila kupumzika. Mtoto wa darasa la pili husimama kutazama mchwa, hutoa mwiba mguuni, hulilia maji. Kwa jamaa ya namna hii sisi twazidisha hesabu mara mbili, na juu yake twaongeza saa nzima ya kula na kucheza kileleni. Zile dakika 130 zimekuwa zaidi ya saa tano.

Sasa tazameni jua. Kwetu magharibi halitoki saa kumi na mbili kama wengi wanavyodhani. Mwezi wa Julai hutoka saa moja na dakika chache asubuhi, na kutua yapata saa moja jioni. Mkiondoka saa mbili mtakuwa mmerudi yapata saa nane, na nuru bado ipo tele. Tena wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa tano na nusu, na kila mtu aijue kabla ya kutoka. Saa hiyo ikifika, geukeni, hata kama kilele chaonekana pale mbele. Kiongozi akianza kubishana na saa yake akiwa mlimani, watoto ndio watakaolipa.

Hatari kubwa ya kiangazi ni moto. Majani yamekauka, watu huchoma mashamba, na moto hupanda mteremko upesi kuliko kuushuka. Kwa hiyo waulizeni wenyeji tangu jana yake ni wapi wanapochoma. Nao watawaonyesha pia njia isiyokanyaga mihogo ya mtu. Msiketi juu ya genge lenye majani marefu ikiwa moshi waonekana chini yenu. Moto ukiwakaribia, kimbilieni mahali palipokwisha kuungua, au shamba lililolimwa likabaki udongo mtupu. Nanyi wenyewe msiwashe moto kabisa: pikeni nyumbani. Viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha na ndizi hubebeka vizuri, na dagaa wakavu wakikaangwa huwatia watoto nguvu. Maji yasipungue lita moja kwa kila mtu. Kama kijito cha njiani kimekauka, hamna pa kujaza tena.

Walio na nafasi wakati wa masika tu, yaani kati ya Novemba na Aprili, na waogope radi. Mkiona umeme, hesabuni polepole mpaka ngurumo isikiwe. Kila hesabu tatu ni kilomita moja hivi; ikiwa hamkufika thelathini, shukeni mara moja, wala msisimame chini ya mti ulio peke yake.

Njiani, atangulie mtu mzima mwenye hatua fupi, si kijana mwepesi, na mwingine awe nyuma ya wote. Wahesabuni watoto mnapoondoka, mnapofika, na kabla ya kushuka. Kushuka ndiko kunakoangusha watu, maana magoti yamechoka na macho yamekwisha kuona nyumba.

Mwisho, mwacheni mtu mmoja nyumbani ajuaye njia mliyoishika na saa mtakayorudi, kwa kuwa simu haikamati kila bonde. Nanyi mkirudi, kabla ya kunawa miguu, mtume mtoto akamwambie kwamba mmefika wote, asije akawakusanya majirani bure na taa mkononi.