Redio za shule: Vijana wa Marekani wanavyojifunza kazi hewani

KWA zaidi ya miaka 70, baadhi ya shule za upili nchini Marekani zimekuwa zikiendesha vituo vya redio ambavyo watangazaji na wasomaji wake wa habari ni wanafunzi wenyewe. Vituo hivyo si maigizo ya darasani. Vina leseni ya serikali, na yeyote mjini aliye na redio anaweza kuvisikiliza.

Chimbuko lake ni uamuzi wa mwaka 1945 wa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC), iliyotenga sehemu ya chini ya masafa ya FM, kuanzia 88 hadi 92, kwa matangazo ya elimu yasiyo ya kibiashara. Mnamo 1948, tume hiyo ilianza kutoa leseni kwa vituo vya wati 10 tu. Mitambo hiyo ilikuwa ya bei nafuu, nayo ilitosha kufikisha sauti kilomita chache kutoka shuleni.

Shule hazikusita. Mwaka wa 1949, kituo cha WNAS cha mji wa New Albany, jimbo la Indiana, kilianza kurusha matangazo mwezi Mei. WHHS cha Haverford, Pennsylvania, kilifuata mwezi Desemba mwaka huo huo.

Faida ya vituo hivi haipimwi kwa mtihani. Mwanafunzi anayesoma taarifa ya habari hulazimika kuhakikisha jina la mtu kabla ya kulitamka, kufupisha maelezo bila kuyapotosha, na kukamilisha kazi yake kwa wakati. Akikosea, kosa limekwisha kusikika na halifutiki. Aidha, jamii hunufaika: mechi za shule hutangazwa moja kwa moja, na mambo ya mtaani ambayo vituo vikubwa haviyajali hupata pa kusemewa.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Leseni, ambayo hudumu kwa miaka minane, humilikiwa na shule au bodi ya elimu ya eneo, wala si wanafunzi. Kituo hakiruhusiwi kuuza matangazo ya biashara. Mfadhili anaweza kutajwa jina, lakini bidhaa zake zisipigiwe debe. Kwa hivyo fedha hutoka katika bajeti ya shule na michango ya wasikilizaji. KNHC cha Shule ya Upili ya Nathan Hale, jijini Seattle, ambacho kilianza mwaka 1971 na kinasifika kwa muziki wa dansi, ni mfano wa kituo kinachochangiwa na wasikilizaji wake.

Tisho kubwa limekuwa la masafa. Mnamo 1978, FCC iliacha kupokea maombi mapya ya vituo vya wati 10, na kuvitaka vilivyokuwapo viongeze nguvu hadi wati 100 au vikose ulinzi dhidi ya vituo vikubwa. Athari zake zilionekana hata katika miaka ya 2000, pale KMIH cha Shule ya Upili ya Mercer Island, karibu na Seattle, kilipolazimika kuacha masafa ya 104.5 baada ya kituo cha kibiashara kuhamishiwa eneo hilo kutoka jimbo jirani la Oregon. Hatimaye kilipata makao mapya katika 88.9.

Ndiposa shule inayoamua kuuza leseni ili kuziba pengo la bajeti huenda isiipate tena. Masafa ya mijini yamejaa, na maombi mapya hupokelewa katika vipindi maalumu tu. Afueni ilikuja mwaka 2000 vilipoidhinishwa vituo vidogo vya nguvu isiyozidi wati 100, na sheria iliyotiwa saini Januari 2011 ikapanua nafasi hizo.

Vijana hao hawakosi wa kuwatia moyo. Chuo cha North Central, mjini Naperville, Illinois, kimekuwa kikiandaa tuzo za redio za shule za upili zenye jina la John Drury, msomaji mashuhuri wa habari za televisheni jijini Chicago aliyefariki 2007.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyezoea kuhakikisha ukweli kabla ya kuutangaza atabaki na desturi hiyo hata asipokuwa mwanahabari, na hiyo ni sababu tosha ya wazazi, walimu na wasikilizaji kuvilinda vituo hivi.