Upungufu wa nguvu za kiume: sukari na shinikizo la damu vipimwe kwanza

Katika masoko na vijiwe vya Kasulu na Kibondo, mwanamume mwenye upungufu wa nguvu za kiume huelekezwa upesi kwenye "vumbi la Kongo" au mizizi. Ushauri huo humpotezea muda. Uume husimama kwa kujaa damu, na mishipa yake ni myembamba kuliko ya moyo. Hivyo madhara ya kisukari, shinikizo la juu la damu na sigara huweza kujitokeza hapo miaka kadhaa kabla ya ugonjwa wa moyo.

Tabibu huuliza, bila kuona haya, kama uume husimama alfajiri. Ukisimama, chanzo huenda ni hofu, msongo au ugomvi wa nyumbani. Usiposimama, hushukiwa mishipa, neva au homoni. Kisha hupima sukari na shinikizo, kazi ya dakika chache. Baadhi ya dawa za shinikizo nazo huleta hali hii. Mgonjwa asiziache, bali aeleze ili zibadilishwe.

Vidonge vya sildenafili husaidia wengi, ila mtumiaji wa dawa za moyo aina ya naitreti akivimeza, shinikizo laweza kushuka hadi kumuua. Uume uliosimama kwa zaidi ya saa 4 ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.