Hekima Yapita Nguvu

 

Wazee wetu walisema, “Mwenye nguvu mpishe.” Neno hilo lina kweli yake. Mtu akikutana na kiboko karibu na mto Kilombero, hashindani naye, humpisha. Lakini leo tunamtazama adui asiyepishika wala kupigwa kwa mkuki. Adui huyo ni mbu aenezaye malaria.

Katika Biblia, kitabu cha Mhubiri, sura ya 9, twasoma habari za mji mdogo wenye watu wachache. Mfalme mkuu aliuzingira kwa jeshi lake. Aliyeuokoa mji hakuwa askari, bali maskini mmoja mwenye hekima. Na hatari ilipopita, hakuna aliyemkumbuka. Mhubiri akaona kwamba hekima ni bora kuliko nguvu, ijapokuwa watu huidharau hekima ya maskini.

Basi, habari hiyo yatuhusu nini sisi?

Mara nyingi utamsikia mwanamume mwenye afya akisema, “Mimi nimezaliwa hapa, homa hainiwezi.” Asemalo lina kweli kidogo. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi tangu utotoni, akapona, mwili wake hujifunza kupigana nayo. Lakini baba hawezi kumgawia mwanawe kinga hiyo, kama agawavyo shamba au jembe. Mtoto wa chini ya miaka 5 bado hana kinga ya kutosha. Na mama mwenye mimba, hasa ya kwanza, kinga yake hupungua. Kwa hiyo mwenye nguvu huumwa na mbu akaenda shambani asubuhi, na mtoto wake huumwa na mbu akafa. Nguvu zetu hazitoshi kuwaokoa tuwapendao.

Zamani watu wa Ulaya walidhani malaria yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross alikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Tangu hapo tulimjua adui yetu. Mwaka 1949 mwanasayansi Mswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, walikokuwa wamisionari Wakapuchini. Katika miaka ya 1950 ikaanzishwa maabara, ambayo sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watu waliuziwa vyandarua na dawa ya kuvichovya, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo kwa asilimia 27. Fikiri, ndugu: nguo nyepesi yenye matundu, iwezayo kuchanika kwa ukucha, iliwaokoa watoto ambao mikono ya baba zao isingeweza kuwaokoa. Tena, wanakijiji wengi wakitumia vyandarua vyenye dawa, mbu wengi hufa, na hata jirani asiye nacho hupata nafuu. Hivyo ndivyo amri ya kumpenda jirani inavyotimizwa, hata mtu akiwa usingizini.

Lakini hekima si kitu cha kujifunza mara moja. Mhubiri, sura ya 10, atukumbusha kwamba shoka likiwa butu, mkataji hana budi kutumia nguvu zaidi, afadhali alinoe. Nasi shoka letu limepungua makali. Baadhi ya mbu wa bonde hili sasa huvumilia dawa zilizowaua wenzao zamani. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta dawa na njia nyingine.

Tena, msimu wa mpunga jamaa wengi huhamia mashambani kuamia ndege na kuwinga nguruwe. Chandarua kikibaki kijijini, na mtoto akilala katika dungu, kina faida gani? Kichukue pamoja na jembe na sufuria.

Labda mtu atasema, “Mimi namwomba Mungu, yatosha.” Kuomba ni vema. Lakini mkumbuke mfalme Sulemani. Alipoambiwa aombe atakalo, hakuomba utajiri wala kufa kwa adui zake. Aliomba moyo wa kufahamu. Akapewa, naye akautumia. Wanawake wawili walipogombania mtoto, upanga uliletwa, lakini haukukata. Mtoto aliokolewa kwa hekima.

Basi shikeni haya matatu. Lala na watoto ndani ya chandarua kila usiku, nyumbani na shambani. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Mama mwenye mimba ahudhurie kliniki mapema.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini afya ya baba si kinga ya mtoto?

2. Katika kijiji chenu, ni nani hulala bila chandarua msimu wa mpunga, na mwaweza kumsaidiaje?

3. Je, yuko mtu mnyonge kijijini ambaye shauri lake jema halikusikilizwa?

Kwaherini, hadi somo lijalo.